Mtu wa Chini ya Sakafu

Mlango wa Mama Euphrasie pale Thornton Heath, huko ughaibuni, ulikuwa na mnyororo wa kuzuia wezi, mnyororo mzuri wa shaba, lakini tangu wahamie hakuna aliyewahi kuufunga. Komeo lilitosha. Wageni wakimuuliza sababu, Mama Euphrasie alisema mnyororo hauchagui, humfungia nje mwizi na mwenye nyumba vilevile, na nyumba ile ilikuwa na mwenyewe ambaye hajarudi.

Mwenyewe huyo ni Fortunat, mwanawe wa kwanza. Alipotea siku watu wa Uvira, kule Kongo, walipokimbia kuvuka mto Ruzizi, akiwa bado kijana wa kubalehe. Mdogo wake Keren alikuwa darasa la tatu, na darasa hilo hakulimaliza. Fortunat aliunguzwa mguu wa kushoto na mafuta ya moto utotoni, ukapona vibaya, hivyo ukimsikia anakuja ulisikia mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuta: pa, shwaa, pa, shwaa. Pale mtoni, ndani ya matete, watu wakisukumana na watoto wakilia, aliuachia mkono wa Keren akamwambia, "Tangulia, nakuja." Keren akatangulia. Tangu hapo hakuna aliyemwona, wala mzima wala maiti.

Watu wa kanisa walimsihi Mama Euphrasie mara nyingi wamfanyie kijana kilio, wakae, waimbe, kisha waanue matanga ili na yeye mama apate kupumzika. Aliwajibu kwamba hana maiti, hana kaburi, hana hata shati. Wanataka alie nini? Kisha akaingia jikoni akapakua sahani ya Fortunat, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka mezani, kama kila jioni. Asubuhi Keren ndiye aliyeila. Hakukuwa na mtu aliyelizungumza hilo.

Keren alikuwa amekua mtu wa haya. Dereva wa basi akimpitisha kituo alinyamaza, akashuka cha mbele na kurudi kwa miguu. Kompyuta alijifunzia maktaba ya mtaani, kwa kuwa kompyuta haikumuuliza alisoma wapi na haikumtazama usoni. Baadaye akapata mafunzo ya bure ya jioni kule Barking, na mwalimu wake, bila kumwambia, akapeleka kazi zake kwa kampuni ya Wajapani inayotengeneza michezo ya kompyuta. Wakamwita. Wakampa majaribio, kisha wakampa kazi.

Mama Euphrasie, aliyekuwa akilea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, hakuelewa vizuri mtu anawezaje kulipwa kwa michezo. Lakini aliposikia kwamba ofisini kwao watu huvua viatu mlangoni, aliridhika. "Basi hao batu balilelewa," alisema.

Ni kweli, walivua viatu. Mlangoni kulikuwa na rafu ya ndara za kitambaa, na siku nzima ofisi ile ilijaa mlio wake, shwaa shwaa, watu wakienda kuchemsha chai au kuchukua karatasi. Keren aliupenda mlio huo. Ulimfanya aone kwamba hata wengine hawataki kusikika sana.

Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa wa kutisha. Mwanamke anarudi kijijini kwao, milimani Japani, anakuta kijiji kimehamwa na nyumba yao ya zamani ikimsubiri na milango wazi. Mkuu wa waandishi wa programu, Bwana Aoyagi, alikuwa mtu mfupi wa sauti ya chini, mwenye biskuti za mchele mezani saa zote. Siku ya kwanza alimweleza Keren desturi ya kampuni. Kila anayeingia, kabla ya kupewa kazi yoyote, humtengeneza mtu mmoja. Mtu huyo ajue kutembea, kusimama, na kusema sentensi moja kwa lugha ya nyumbani kwa aliyemtengeneza. Wanamwita mtu wa kwanza. Huwekwa kwenye umati wa sokoni, mwanzoni mwa mchezo, kabla kijiji hakijahamwa, na hapo ndipo hubaki.

"Mchezaji hatamjua," Bwana Aoyagi alisema. "Sisi tutamjua."

Wake yeye alikuwa bibi anayefagia ngazi. Surinder, mama mmoja wa Kingsbury aliyezaliwa Kisumu na ambaye kazi yake ilikuwa kuicheza michezo ili atafute kasoro, alikuwa amemweka mjomba wake mwenye duka. Surinder alipogundua kwamba Keren anajua Kiswahili alifurahi kama aliyekutana na jirani wa zamani. Alimwita dada ya Kongo. Akamwonyesha mjomba kwenye kioo cha kompyuta, akiwa na kitambi chake na mizani yake. "Ona kidole juu ya mizani," alisema. "Hata ndani ya kompyuta anaibia watu sukari."

Keren akamtengeneza wake. Alimpa sura ya kijana, shati jeupe la shule, kaptula ya buluu. Hakumwekea mguu wa Fortunat. Alichukua mwendo wa kawaida kutoka akiba ya kampuni, mwendo wa kijana mzima, kwa kuwa hata yeye alijua kuna mpaka. Programu ikamuuliza kwao huyu mtu ni wapi, yaani mahali anaporudi akishakosa la kufanya. Keren hakujua ajibu nini. Mwingine angeuliza. Bwana Aoyagi alikuwa amekaa hapo hapo, angeweza kumgusa bega. Lakini haya zilimshika, akapaacha patupu, akapita. Ilipofika sentensi, vidole viliandika kabla hajawaza: Tangulia, nakuja.

Siku zikaenda. Alipewa kazi za kweli, akazifanya vizuri, akaanza hata kusalimia. Kisha asubuhi moja Surinder akaja mezani kwake, ndara zikiburutika, uso umemkauka.

"Dada ya Kongo, njoo usikie kitu."

Alimkalisha mbele ya kioo chake akamvika visikizio. Kwenye mchezo, yule mwanamke alikuwa amesimama sebuleni, ndani ya nyumba ya zamani. Nje kuna ukungu. Hakuna muziki, hakuna upepo. Halafu, kutoka chini ya mbao za sakafu, mbali kidogo, kisha karibu, kisha mbali tena:

Pa, shwaa. Pa, shwaa.

Keren alivibana visikizio masikioni kwa mikono miwili.

"Si nyinyi wa programu mmeweka?" Surinder aliuliza. "Tangu jana naogopa peke yangu kama mjinga. Na mimi kuogopa ndio kazi yangu, nalipwa."

Keren alitikisa kichwa kwamba hapana. Surinder akabonyeza vitufe, wakapenya sakafu wakashuka chini ya nyumba. Huko hapakuchorwa kitu, maana hakuna mchezaji anayefika. Ilikuwa giza tu na tabaka la udongo. Na ndani ya giza hilo kijana mwenye shati jeupe alikuwa akizunguka, anazunguka, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Walipomkaribia alisimama. Akainua uso. Herufi zikatokea chini ya kioo: Tangulia, nakuja.

Surinder aliyajua maneno hayo vizuri. Alivua visikizio taratibu akaviweka mezani.

"Huyu ni wako," alisema.

Bwana Aoyagi alikuja, akatazama, akaelewa mara moja. Hakukasirika. Alimweleza Keren kwamba soko likishaisha na kijiji kikihamwa, kila mtu wa umatini anarudi kwao. Asiyepewa kwao, mchezo hauwezi kumwacha hewani. Humpeleka sifuri, katikati kabisa ya dunia yake, pale vipimo vyote vinapoanzia. Na juu ya sifuri wao wamejenga nyumba. Huo mguu je? Mguu mmoja, alisema, unanasa kwenye udongo ulio chini ya mbao, ndiyo maana anauburuta. Ni kasoro ya kawaida. Wageni kutoka makao makuu ya Osaka watakuja Ijumaa kuutazama mchezo, na mpaka hapo sakafu iwe kimya. Tena, kwa desturi yao, mtu wa kwanza haondolewi na mkono mwingine ila wa aliyemtengeneza.

"Ni mstari mmoja tu, Keren-san. Ufute."

Keren alisema ndiyo. Akarudi mezani, akaufungua ule mstari, akautazama mpaka watu wakaanza kwenda nyumbani. Hakuufuta. Kesho yake akaufungua tena, hivyo hivyo. Ofisi nzima iliburuta ndara kama ilivyoburuta siku zote, ila sasa katikati ya mlio huo alisikia mtu anayeburuta mguu mmoja tu. Aligeuka. Aliona kijana wa matengenezo amebeba ngazi. Aligeuka tena baadaye, hakuona mtu.

Jioni hiyo alimkuta mama yake amesimama katikati ya sebule, bado na sare ya kazini, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Nani amehamia huku chini?" Mama Euphrasie aliuliza.

Keren alimkumbusha kwamba chini hakuna mtu. Jirani wao alihama tangu masika, madirisha yamezibwa kwa mbao, na mwenye nyumba bado hajapata mpangaji.

"Kuko mtu. Tangu ile juma ulianza kazi kule. Anatembea chini yetu, mguu moja anauvuta." Aliyasema kwa utulivu, hata kwa furaha, kama mtu anayetaja mgeni aliyekwisha kutuma habari. "Usiniangalie vile. Masikio yangu haijazeeka. Iko anatafuta ngazi, ule mtoto. Akiiona atapanda."

Keren alikaa kwenye kochi. Hakuwa amemwambia mama yake neno juu ya mtu wa kwanza. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya ofisi. Alisikiliza na yeye, akasikia friji, akasikia gari la wagonjwa mbali huko barabara kuu. Hakusikia kingine, au hakutaka.

"Mama," alisema, "kama hatarudi?"

"Usiseme."

"Kama alikwisha kufa pale pale mtoni?"

"Keren. Weye ulimuona?"

Hakumwona. Alitangulia, kama alivyoambiwa. Mama Euphrasie akaingia jikoni, na sahani zikalia.

Siku iliyofuata Keren aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta na kukiacha hapo. Alijua kitakachotokea. Kijana angetoweka, sakafu ingenyamaza, wageni wangekuja na kusifu, na kazi ingekuwa yake. Lakini mtoni aliachiwa mkono, hakuuachia. Hapa angekuwa ameuachia yeye. Na akimwacha alipo je? Ataendelea kuzunguka gizani chini ya miguu ya watu, anaahidi kuja, anainua uso kila akisikia hatua. Hapo ndipo Keren alipoona jambo lililomtia hofu kuliko zile hatua. Huko sifuri hakumpeleka jana wala juzi. Wamemweka huko miaka yote, mama yake kwa sahani na yeye kwa kunyamaza.

Aliinuka. Alitembea mpaka meza ya Bwana Aoyagi, na mtu aliyemjua Keren angeelewa hiyo ilikuwa safari gani. Aliongea kwa sauti ndogo, lakini aliongea yote: kwamba hawezi kumfuta, kwamba anaomba kumpa kwao badala yake, kwamba kama haiwezekani basi waajiri mtu mwingine.

Bwana Aoyagi aliirudisha biskuti yake kwenye mfuko. "Inawezekana," alisema. "Kwao ni wapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Alimtazama kidogo, kisha akatazama pembeni, kwa heshima, kama mtu anayempisha mwenziwe afute uso. "Sitakuuliza ni nani," alisema. "Ila lazima paandikwe mahali pamoja. Kompyuta haipokei neno labda."

Keren alirudi akafungua ramani nzima ya mchezo. Milima, mashamba ya mpunga, ngazi za bibi anayefagia. Pembeni kabisa palikuwa na mto uliochorwa kwa ajili ya kupendeza tu, wenye matete kingo zote mbili, na ng'ambo yake ukanda mwembamba wa nyasi ambao mchezaji hawezi kuufikia. Alipatazama muda mrefu. Kisha akafungua akiba ya vitu vya kampuni atafute cha kuweka pale, ili kijana ajue amefika. Vilivyofaa vilikuwa viwili: kibanda cha nyasi chenye taa, na mawe.

Akiweka kibanda, amekubaliana na mama yake: kijana anaishi mahali, ana taa, siku moja atapanda ngazi. Mkono wake ulielea juu ya kibanda. Ulikuwa mwepesi sana kukichagua. Hata angeweza kwenda nyumbani akamwambia mama, nimemjengea, naye mama angecheka na kumwongezea nyama.

Alichagua mawe. Aliyapanga moja moja, kama walivyopangiwa wengi waliofia kandokando ya ile njia ya kukimbilia, makubwa chini, madogo juu, bila msalaba maana kwenye akiba haukuwepo. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaanguka juu ya vitufe, akavifuta kwa mkono wa sweta. Palipokuwa patupu akaandika mahali pa mawe.

Surinder alikuja akavuta kiti bila kuitwa. Wakauwasha mchezo.

Chini ya sakafu yule kijana alikuwa akizunguka. Akasimama. Safari hii hakuinua uso. Aligeuka, kama mtu aliyeitwa na mtu anayemjua. Akapita ndani ya udongo, akatokea uani, akaingia njiani kwenye mwanga wa asubuhi ya mchezo. Njia ilikuwa tambarare, imechorwa vizuri, haina cha kunasa mguu.

Pa, shwaa. Pa, shwaa.

Surinder alisogeza uso karibu na kioo. Akaomba aone mwendo aliopewa. Keren akamwonyesha: ni ule ule wa akiba, wa kijana mzima, haukuguswa. Surinder akautafuta mkufu wake wa shingoni kwa vidole, akaushika hivyo hivyo.

Kijana aliteremka mpaka mtoni. Akaingia maji yakamfika kifuani, shati likapotea, kikabaki kichwa, halafu shati likaonekana tena, akatoka upande wa pili. Akafika penye mawe, akasimama. Sentensi yake huisema mtu akimkaribia tu, na ng'ambo ile hakuna mchezaji awezaye kufika. Hatasema tena kwamba anakuja.

Walirudi sebuleni, kwenye nyumba ya zamani, wakavaa visikizio wakasikiliza. Hakuna kitu. Ukungu nje, milango wazi.

"Sasa ndio inaogopesha kabisa," Surinder alisema polepole. Kisha akamsugua Keren mgongo, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba wa samaki kooni, akaenda kuchemsha chai.

Treni ya kurudi ilijaa, Keren akasimama njia nzima akipanga maneno. Alipofungua mlango alikuta mama yake amekaa mezani, amejifunga kitenge. Sahani ya Fortunat ilikuwa mbele yake. Ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa, na hakuna chakula kilichopakuliwa.

"Amenyamaza," Mama Euphrasie alisema. "Leo nilikuwa nyumbani, nilikuwa namsikiliza. Mara moja akanyamaza. Umefanya nini?"

Keren akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye goti la mama yake kama alivyokaa akisukwa nywele, ili asimtazame. Akamweleza. Akamwambia juu ya soko, na shati la shule, na pale alipopaacha patupu kwa haya. Akamwambia juu ya sifuri. Alipofika kwenye kibanda na mawe alishindwa, kisha akajikaza akamwambia alichochagua.

Alisubiri kofi, au kilio, au kuambiwa atoke. Vilichelewa. Kikaja kitu kingine, mkono mzito, umelowa bado maji ya vyombo, ukatua kichwani pake.

"Hayo mawe," mama yake aliuliza, "uliweka ng'ambo gani ya mto?"

"Ng'ambo ya kule. Tuliyokuwa tunaendea."

"Kwa hiyo alivuka."

"Alivuka, mama."

Mama Euphrasie alivuta pumzi ndefu iliyokatikakatika njiani. Kisha akasema Keren awaambie batu ba kanisa baje Jumamosi, na baje na viti vyao, maana humu havitoshi. Akainuka akishikilia meza, akatembea mpaka mlangoni, akasimama mbele yake muda mrefu, kiganja juu ya mbao. Keren aliona mabega yake yakipanda na kushuka.

Mnyororo ulikuwa umekwama kwa kukaa, ikabidi ausukume. Uliteleza kwenye reli yake, shwaa, ukafika mwisho.

Pa.